Kitufe cha Benyeji na Barudishwa

Unyenyekevu wa kujifanya umenishinda tangu utotoni, kwa hiyo niseme mapema: mimi najua kuona. Nipe punje ya jiwe kutoka shimo lolote la Kolwezi, ndogo kuliko chembe ya chumvi, niiweke chini ya hadubini ya elektroni, nami nitakuonyesha shaba imejibanza wapi, kobalti iko wapi, na ni wapi hakuna kitu ila mchanga. Vijana wanaoletwa maabara siku hizi, wanaoshuka kwenye pikipiki za taksi na simu mkononi, hudhani mashine ndiyo inayoona. Wiki ya kwanza nawaacha wadhani hivyo. Wiki ya pili nawazimia skrini na kuwauliza elektroni zilizochora ile picha zilitoka wapi, na hapo wanaanza kutafuta jibu kwenye dari.

Swali hilo niliulizwa mimi kwanza. Aliyeniuliza alikuwa mkuu wa chumba cha hadubini katika kampuni ya migodi nilikoajiriwa, mimi nikiwa na diploma ya kemia na viatu vya kuazima. Nilimwita Tata, naye aliniita Mama ingawa alinizidi karibu miaka ishirini. Ndivyo tunavyoheshimiana kwetu. Wazazi wangu walitoka Katanga ya kaskazini, Wakatoliki wa rozari kila jioni. Yeye asili yake ilikuwa Kasai, jimbo jirani: babu yake aliletwa na Wabelgiji kuchimba shaba, baba yake akawa karani, na yeye mwenyewe alizaliwa Dilala katika nyumba za kampuni, mitaa mitatu kutoka nyumba niliyozaliwa mimi. Ukifuatilia vizuri, ukoo wake ulifika Kolwezi kabla ya wangu. Wakati ule hakuna aliyefuatilia.

Mashine yenyewe tuliiita Mebe, kwa herufi zake tatu za Kifaransa, M-E-B. Ilikuwa na nguzo ya chuma ya kimo cha mtoto, na juu kabisa uzi mwembamba wa tungsteni uliopashwa moto hadi ukatema elektroni. Ndani, hewa yote ilifyonzwa na pampu zilizonguruma kutwa. Mshale wa elektroni ulipita juu ya jiwe mstari baada ya mstari, kama mtu anayefagia ua. Na Wafaransa kweli huiita hadubini ya kufagia. Kila mahali mshale ulipogusa, jiwe lilijibu. Kazi yetu ilikuwa kulidaka lile jibu.

Tata alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na alikuwa amenipa mimi. Jibu la jiwe, alisema, ni la namna mbili. Kwanza kuna elektroni za jiwe lenyewe, zilizokuwa zimekaa zao kwenye ngozi yake ya juu kabisa mpaka mshale ukazishtua zikatoka. Hizo ni dhaifu, haziwezi kwenda mbali. Ndiyo maana kigunduzi kilichokaa ubavuni kimevishwa kizimba cha wavu chenye volti mia kadhaa za chanya: kinazivuta, hata zile zilizotoka nyuma ya kilima, zinapinda na kuja. Nyuma ya wavu kuna kisahani kinachometa kila kinapogongwa, kijiti cha kioo kinachopitisha ule mwanga, na mrija unaouzidisha mpaka uwe picha. Kwa elektroni hizo unaona sura ya jiwe, yaani ukingo, ufa na kishimo.

Halafu kuna zile zilizotoka juu, kwenye uzi wa tungsteni. Ziliingia ndani ya jiwe, zikakutana na atomi nzito, zikageuzwa na kutoka tena na karibu nguvu zao zote. Hizo wavu hauziambii kitu. Zinakwenda moja kwa moja, na kigunduzi kinazipata zile tu zilizotoka kwa kuelekea upande wake. Lakini zina habari ambayo zile dhaifu hazina. Atomi ikiwa nzito, zinazogeuzwa ni nyingi, na mahali pale panang'aa. Mchanga unaonekana wa giza, manganizi ya Kisenge ya kijivu, shaba nyeupe. Ukitaka kuziona hizo peke yake, unazungusha kitufe, wavu unakuwa hasi, na zile dhaifu zinafukuzwa mlangoni.

"Hizi za pili ni ba kurudi," nilisema, nikijiona mwerevu.

Tata akainua kidole. "Hapana, Mama. Haina ba kurudi. Ni barudishwa. Habarudiake bo benyewe. Kintu kizito njo kinabarudisha."

Mitaani kwetu, ambako 'wa' hugeuka 'ba', 'ndiyo' huwa 'njo' na 'haina' ni kusema 'siyo', hatupendi sana kusema vitu kwa namna ya kutendwa. Tunataja mtendaji, basi. Lakini yeye alisomea Kiswahili kwa mapadri na ile herufi moja, W, aliishikilia kama mtu anavyoshikilia risiti. Zile dhaifu, kwa kuwa zilikuwa za jiwe lenyewe, aliziita benyeji. Maandishi ya kiwandani kwenye kitufe yalikuwa yamefutika kwa vidole, kwa hiyo akachukua rangi ya kucha ya mke wake, nyekundu, akaandika kwa herufi ndogo nzuri kwenye ukingo wa kitufe, upande huu BENYEJI na upande wa pili BARUDISHWA. Neno lililokuwa juu ndilo lililokuwa linafanya kazi. Kwa miaka kumi tulisema hivyo bila kufikiri. "Mama, leta benyeji." "Tata, benyeji bamejaa sana, tia barudishwa." Wageni kutoka makao makuu walicheka, nasi tukacheka nao.

Aliwahi pia kunifundisha jambo ambalo wanafunzi wangu hulisahau kila mwaka: kwamba huwezi kuzitenga kabisa. Sehemu kubwa ya benyeji tunaowakusanya wameamshwa na barudishwa wakati hao wanatoka. Naomba msomaji asinitafutie mafumbo hapa. Ilikuwa fizikia, na ni fizikia mpaka leo.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Sikumbuki siku, nakumbuka vitu vilivyokosekana. Mafuta ya pampu yalikosekana. Filamu za picha tukazikata nusu. Nyuzi za tungsteni zilibaki tatu, zikawa mbili, na Tata akawa anauwasha uzi polepole kama mama anayepasha maziwa ya mtoto, ili usikatike. Umeme ulikuja asubuhi saa tatu ukaondoka saa sita. Katika masaa hayo matatu pampu ilikula dakika arobaini kabla hatujaona chochote. Hata hivyo tuliona. Nasema kwa kiburi, tuliona vizuri kuliko wakati wa neema, kwa sababu hatukuwa na picha ya kupoteza.

Na jimbo nalo likaingiwa na wazimu wake. Maneno yalianza redioni, yakashuka sokoni, yakafika kwenye milango. Watu wa asili ya Kasai waambiwe warudi kwao. Vijana wenye fimbo walipita Dilala nyumba kwa nyumba. Kila asubuhi maabarani palikuwa na koti moja pungufu kwenye misumari ya ukutani, na sisi tuliobaki tulijifunza kutoangalia ile misumari. Nilimuuliza Tata atafanya nini. Akasema kwanza atamaliza sampuli za juma lile.

Sikuwepo alipofukuzwa. Shangazi yangu alifariki kaskazini nami nikaenda kumzika. Wakati wa kurudi, treni yetu ilikaa kwenye kituo kidogo kupisha nyingine iliyokuwa inatoka Kolwezi. Ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, watu mpaka juu ya paa, na masufuria, na magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Niliwatazama nikitafuta uso mmoja. Nilipoukosa nilifurahi, nikadhani bado yuko kazini.

Nilifika maabara Jumatatu nikakuta mlango wa chumba cha hadubini umefungwa kwa kufuli na karatasi yenye muhuri. Kaimu mkuu wa maabara aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa kiutawala, mwenyeji wa hapahapa, hakuwahi kukaa kwenye kiti cha Mebe hata siku moja. Pembeni yake alikuwa ameketi mtu wa usalama aliyevua kofia yake na kuiweka juu ya goti. Sikuambiwa kazi yake, nilijua tu.

"Mama, pole na msiba," kaimu alisema. "Mashini imekufa. Yule muntu wako ameiharibisha mbele ya kuenda."

Akanipa picha waliyojaribu kupiga siku tatu nyuma, wao wenyewe, kwa maelekezo ya kitabu. Ilikuwa ya lile jiwe letu la majaribio kutoka Kisenge. Picha ilikuwa hafifu, ya chengachenga, yenye vivuli vyeusi tii. Kisha akanipa ripoti iliyokwisha kupigwa taipu. Ilisema kwamba aliyekuwa mkuu wa chumba ameharibu kigunduzi kwa makusudi. Ilisema pia kwamba aliacha maandishi ya uchochezi juu ya mashine ya kampuni.

"Maandishi gani?"

"'Benyeji' huku, 'barudishwa' kule. Ukizungusha, benyeji banafukuzwa, barudishwa njo banabakia." Alitoa macho. "Kama hiyo haiko politiki, ni nini? Tulishaifuta."

Nilicheka. Lilikuwa kosa, lakini ningefanyaje? Miaka kumi ya rangi ya kucha, na mtu amekuja kuisoma kama bango la mkutano. Yule mtu wa usalama hakucheka. Alisema kwa sauti ya upole kwamba mhusika yuko stesheni na familia yake akisubiri behewa, kwamba behewa linatarajiwa Jumatano, na kwamba ripoti ikikamilika kabla ya hapo ataondolewa pale na kupelekwa kujibu. Hakusema wapi. Wakati ule waliokwenda kujibu hatukuwa tunawaona tena wakirudi na majibu.

"We ni mutoto wa hapa, na we njo unajua mashini," kaimu alisema. "Tia sinyatire."

Nilisema siwezi kusaini kitu nisichokiona. Nikaomba niende na ile picha mpaka kesho. Wakanikubalia, pengine kwa sababu waliamini nitasaini tu.

Sasa niseme jambo ambalo sijivunii. Njia nzima kwenda stesheni, nikisukuma baiskeli katikati ya watu, nilikuwa naamini kwamba ameiharibu. Nilijiambia, mimi ningefanya hivyo. Ningefukuzwa nilikozaliwa, ningepitisha nyundo kwenye kile kijiti cha kioo na kusafiri kwa amani. Na nilimkasirikia, kwa kweli nilimkasirikia, si kwa sababu ya kampuni ila kwa sababu Mebe ilikuwa yangu pia na hakunifikiria.

Stesheni palikuwa mji. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa mashuka na makabati ya nguo. Wanawake walipika katikati ya reli. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, amevaa koti lake jeupe la maabara juu ya sweta kwa ajili ya baridi, na mke wake kando yake akichambua maharage. Walikuwa pale wiki ya pili. Nilisahau hata kusalimu.

"Tata, ni weye uliharibisha mashini?"

Mke wake aliacha kuchambua. Yeye hakushtuka. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikisahau kufunga vali.

"Uko na foto?"

Nikamnyooshea.

Hakuichukua. "Niambie weye. Kivuli iko upande gani?"

Nikatazama. Vivuli vyote vilikuwa upande mmoja, upande ulio mbali na kigunduzi, vyeusi visivyo na kitu ndani, kana kwamba taa moja kali imewekwa ubavuni. Nyuso zote zilizoelekea kigunduzi zilikuwa na mwanga, hafifu lakini upo. Kwenye vile vishimo vya manganizi ambavyo navijua kama vidole vyangu, hakukuwa na chochote. Na mchanga ulikuwa wa giza kuliko manganizi.

"Benyeji habafike," nilisema. "Ni barudishwa tupu."

"Kigunduzi kimekufa?"

"Hakijakufa. Kingekufa, hata barudishwa tusingebaona. Ni wavu. Uko hasi."

"Na kitufe iko namna gani?"

"Sijui. Chumba kimefungwa. Banasema balifuta maandishi."

"Balifuta na nini?"

"Sijui, Tata."

Akazungusha vidole hewani, kama anayelegeza skrubu. "Kama ni mi nafuta, ningetoa kitufe kwanza," alisema, kisha akamgeukia mke wake na kumwomba anitafutie kikombe cha chai.

Jibu lilikuwa mkononi mwangu tangu ofisini. Ile picha ilinieleza kila kitu, nami sikuisoma kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpata mkosaji. Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa pa kuanzia. Nikanywa chai.

Jumanne saa tatu umeme ulipokuja nilikuwa nimesimama mlangoni. Kaimu alikuja na ufunguo, mtu wa usalama nyuma yake na kofia yake. Niliwaambia sitasaini wala sitakataa mpaka nifungue mashine mbele ya macho yao, na kama nimesema uongo, basi waandike jina langu kwenye ripoti ileile, chini ya lake. Mimi nikishajua jambo, nimelijua.

Niliwasha pampu. Dakika arobaini ni ndefu sana kwa watu watatu wasiotaka kuzungumza. Nikaupasha uzi polepole, kama nilivyofundishwa, na ulipokubali nikafungua mshale. Kitufe kilikuwa kitupu, kimekwanguliwa mpaka chuma, kimebaki na kamstari kadogo kalikochorwa kwa kalamu ya wino mahali walipodhani neno la kwanza lilikuwepo. Nikaweka kamstari juu. Picha ikaja: ileile, hafifu, vivuli vyeusi tii.

"Unaona?" kaimu alisema. "Imekufa."

Nikazungusha kitufe nusu duara.

Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hivi: jiwe liliamka. Vishimo vikafunguka, nyufa zikaonyesha chini yake, vile vivuli vikajaa vitu. Hata mtu wa usalama aliinama karibu na skrini na kusema kwa mshangao kitu cha Kilunda ambacho sikukielewa. Nilirudisha, giza. Nikazungusha, mwanga. Nilifanya mara tatu, na mara ya tatu nilifanya kwa ajili ya kujifurahisha.

"Kitufe kimewekwa kinyume," nilisema. "Kilitolewa, kikakwanguliwa, kikarudishwa kichwa chini. Mashine haina tatizo na haikuwahi kuwa nalo."

"Ni yeye alikigeuza," kaimu alisema upesi.

Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu, nikakichomoa kitufe na kukiweka kwenye kiganja changu. Mikwaruzo ilikuwa mipya, inang'aa. Ndani yake, mahali ambapo kisu hakikufika, kulikuwa na unga mwekundu wa rangi ya kucha. Nikamwomba mtu wa usalama atazame. "Aliyekwangua hii alikitoa kwanza ndipo akakwangua, ndiyo maana unga umeingia ndani. Na aliyekwangua ndiye aliyekirudisha. Ni nani alikwangua?"

Kaimu alisogeza mkono kuelekea funguo zake. Kisu chake cha mfukoni alikuwa nacho kwenye mnyororo wa funguo, sote tulikijua. Alikuwa akichongea nacho penseli. Mtu wa usalama naye alikitazama, kisha akavaa kofia yake, na hilo lilinitosha kujua kwamba nimeshinda.

"Kwa hiyo mashini iko muzima," kaimu alisema hatimaye.

"Iko muzima."

"Na we unaiweza? Weye peke yako, bila yule?"

Nilikuwa nimejaa ushindi mpaka kooni. Mwanamke, mwenye diploma ya kawaida, nimewasomesha wanaume wawili fizikia kwa dakika kumi. Nikamjibu kama nilivyohisi.

"Naiweza."

"Basi," alisema. Akaichana ripoti vipande viwili, akavitia mfukoni. "Basi haina shida. Anaweza kuenda."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Nilikuwa nimejenga kichwani mwangu, bila hata kujiambia, kwamba wakishaona hakuharibu kitu, wataona pia ni mtu gani wanayempoteza, na mmoja wao atasema aitwe. Kumbe kulikuwa na sababu moja tu iliyowafanya wafikiri juu yake bado, nayo ni kwamba bila yeye mashine ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimeiondoa ile sababu kwa mkono wangu, na kwa neno langu. Nilifungua mdomo niseme kwamba kwa kweli siiwezi, kwamba kuna mambo kumi sijayajua bado. Lakini mashine ilikuwa pale inang'aa nyuma yangu na wote wameiona.

Nilipiga picha mbili za lile jiwe la Kisenge, moja kwa kila upande wa kitufe, nikaenda nazo stesheni jioni ileile. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye lile neno nililomjibu kaimu, nililitaja nikitazama reli.

"Ulisema naiweza?" aliuliza.

"Ndiyo, Tata."

"Haina uongo. Unaiweza."

"Lakini ningesema hapana..."

"Ungesema hapana, ningekuwa nimefundisha bure." Alikuwa anazitazama zile picha akiziinua juu, karibu na jicho, na niliona kwamba anatafuta kosa. Hakulipata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jana yake, aliponiuliza kivuli kiko upande gani, alijua tayari nitafika wapi na jibu lile. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuniambia kwamba ugonjwa ule hawezi kuutibu mwingine ila yeye mwenyewe, wamwite. Nililia mbele za watu, jambo nisilofanya, na mke wake akaniwekea mkononi kichupa cha rangi ya kucha, kilichobaki robo na kuanza kukauka.

"Andika tena," alisema mama yule. "Herufi kubwa, hata bale bapumbafu babone."

Behewa lilikuja Jumatano, likaondoka Alhamisi. Nilikuwepo. Alipanda akiwa bado na koti jeupe, picha mbili zimekunjwa mfukoni, na hakunipungia mkono kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mke wake asianguke. Barua moja ilinifikia miaka miwili baadaye kupitia kwa padri: alikuwa anafundisha fizikia kwenye shule ya misheni, kwa chaki, bila mashine. Aliniuliza uzi wa mwisho ulidumu muda gani. Nilimjibu kwamba ulidumu miezi kumi na moja, na ilikuwa kweli.

Ijumaa ile, siku moja baada ya behewa kuondoka, nilimimina tone la asetoni kwenye kichupa, nikaandika upya maneno mawili kwenye kitufe, kwa herufi kubwa, nyekundu. Kaimu aliingia, akayaona, akatoka. Adhuhuri aliniita ofisini nikasaini kukabidhiwa chumba. Daftari la wafanyakazi lilikuwa wazi mezani. Kwenye mstari wa Tata, chini ya sababu ya kuondoka, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi: Amerudi kwao.

Nilichukua kalamu yake bila kuomba. Nikalikata neno "kwao", kwa sababu kwao ni Dilala na mimi nakujua. Kisha nikalikata lile lingine, na juu yake nikaandika: Amerudishwa.

Kaimu aliligeuza daftari upande wake akalisoma mara mbili. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya chini, karibu kama mwanafunzi.

"Nani alimurudisha?"

Nilikuwa na jina lake tayari kwenye ulimi. Lakini nililisikia tena lile neno langu moja, zuri, la ushindi, likisemwa mbele ya skrini iliyojaa mwanga.

"Shiye," nikamjibu. "Mi na weye. Ni shiye."